Siku 30 Zinapita, Wewe Bado Unaomba Huruma

Walikufukuza kazi Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi ulikuwa wapi?

Nitakuambia ulikuwa wapi, maana nimewaona wengi. Ulikuwa kwa mjomba anayefahamiana na bosi, ukimsihi akuombee. Wiki ya pili ulishinda nje ya geti la kiwanda ukingoja gari la meneja litoke, umkimbilie dirishani umwambie una watoto. Wiki ya tatu ulikuwa unatuma ujumbe kwenye simu: shikamoo bosi, kama nilikosea naomba unisamehe. Wiki ya nne uliacha kutuma, ukawa unangoja tu.

Wiki ya tano ulikuwa huna kesi.

Sisemi ilikuwa kesi ngumu. Nasema huna. Hapa Tanzania Bara, mfanyakazi aliyeachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kufikisha mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30. Kwa migogoro mingine, kama mshahara usiolipwa au likizo iliyoliwa, ni siku 60. Siku zikipita, kabla hujasikilizwa kuhusu kazi yako unaanza kwanza kuomba usamehewe kuchelewa, na utatakiwa kueleza kila siku iliyopotea ilipotelea wapi. Ukisema ulikuwa unambembeleza bosi, hiyo haitoshi. Wenzako wengi walishasema hivyo na wakarudishwa nyumbani.

Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Sasa linganisha. Mtu akikukopesha mifuko ya saruji usimlipe, Sheria ya Ukomo inampa miaka 6 ya kukushtaki. Miaka 6, kwa ajili ya saruji. Kwa majirani zetu Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi miaka 3 ya kudai chake. Wewe uliyepanga matofali kwa saruji hiyo, uliyesimama juu ya jukwaa la miti jua likikuchoma utosini, unapewa siku 30.

Kwa nini? Mwenye mali apewe muda wa kulea na kusomesha mtoto mpaka darasa la kwanza, na mwenye jasho apewe mwezi mmoja? Nani aliketi akaona hiyo ndiyo haki? Na sisi, tangu kanuni zinazoweka siku hizo 30 zitoke mwaka 2007, tumemuuliza nani?

Hatujauliza. Tumelala.

Najua utetezi wa siku hizo chache, na una ukweli ndani yake: migogoro ya kazi inahitaji kumalizwa haraka, mfanyakazi asikae miaka bila mkate. Sawa. Basi uharaka huo umbane anayesikiliza shauri na umbane mwajiri. Kwa nini umbane peke yake mtu aliyepoteza mshahara leo, asiyejua Tume iko jengo gani, na ambaye nauli ya kwenda huko ndiyo hela ya unga wa watoto?

Waajiri wanaijua saa hiyo kuliko wewe. Mtaani kwetu kuna mzee aliyekuwa mlinzi wa kampuni moja ya ulinzi. Kampuni ikapoteza zabuni, walinzi wakaambiwa kwa upole kabisa: nendeni mkapumzike, lindo jipya likipatikana tutawaita. Hakuna barua. Hakuna malipo. Simu zilikuwa zinapokelewa kwa heshima: mzee wetu, vumilia, mambo yanakwenda vizuri. Aliporudi kuuliza baada ya miezi kadhaa, mtu wa rasilimali watu alimwambia mkataba wake ulikwisha siku ile ile walipokabidhi lindo. Upole wote ule ulikuwa wa kuhesabu siku. Wakati yeye anangoja simu, wao walikuwa wanangoja kalenda.

Ukisikia "tutakuita", amka. Ukisikia "tutayamaliza kifamilia", amka. Hakuna familia inayokufukuza bila nauli.

Nimesema nauli kwa makusudi. Nitarudi hapo.

Kwanza tuzungumze na wewe unayejiita kibarua. Uliambiwa kwamba wewe si mwajiriwa. Kila siku unasaini daftari la getini, kila jioni unapewa chako mkononi, na mwaka wa nne unakatika. Ukiuliza kuhusu likizo, unajibiwa: wewe deiwaka, huna mkataba, huna haki. Ukaamini. Ukamweleza na mwenzako aliyeanza juzi, naye akaamini.

Mlidanganywa. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema mtu aliyemfanyia mwingine kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita anachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi! Wewe saa hizo unazimaliza kabla wiki haijaisha. Anakupangia saa ya kuingia na ya kutoka? Hiyo peke yake inatosha. Anakupa koleo na toroli? Inatosha. Unamtegemea yeye tu kwa riziki yako? Inatosha. Moja tu kati ya hayo, na ile kauli ya "wewe si mwajiriwa" inakuwa deni la bosi kuithibitisha.

Na huo mkataba usio nao? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, ya mwaka huo huo wa 2004, inamtaka mwajiri akuandikie maelezo ya kazi yako. Asipoweza kuyaonyesha shauri linapofika mbele ya Tume, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unamwangukia yeye. Amekuachisha? Yeye ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu. Halafu wewe ndiye unayekwenda kupiga magoti getini. Umwombe msamaha wa nini mtu ambaye sheria inamtaka ajieleze?

Dua la kuku halimpati mwewe.

Sasa turudi kwenye nauli, na hapa naomba usiangalie pembeni, kwa sababu nakuangalia wewe unayesoma hapo ofisini na kuitikia kwa kichwa. Nyumbani kwako kuna msichana. Umemtoa Iringa, au Singida, au Kagera, kwa simu ya shangazi fulani na ahadi kwamba atakuwa kama mtoto wa nyumbani. Anaamka kabla ya adhana, analala mkishalala. Akivunja sahani unakata. Akiunguza shati kwa pasi unakata. Mwezi ukiisha unamwambia nakutunzia, ukiondoka utachukua zote. Siku mnakosana, saa mbili usiku, begi lake liko nje na yeye anatafuta njia ya kufika stendi ya Magufuli pale Mbezi, mjini ambako hajui mtu.

Wewe huyo ndiye jana ulikuwa unalalamika kwamba kampuni inakunyonya. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini wewe huna hata hiyo shibe. Umekanyagwa, ukaenda kumtafuta wa kumkanyaga.

Sheria inamjua huyo msichana, hata kama wewe humjui. Kifungu cha 43 cha ile Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinasema mfanyakazi akiachishwa mahali ambako siko alikochukuliwa, mwajiri amrudishe alikomtoa, yeye na mizigo yake, au alipe gharama za safari hiyo, na amlipe posho ya kujikimu kwa siku zote anazongoja kusafirishwa. Iringa ni Iringa. Kumwachia nauli ya daladala si hisani, ni kuvunja sheria. Na makato ya sahani? Kifungu cha 28 kinakataza kukata bila utaratibu: umweleze kosa na kiasi, akubaliane nawe kwa maandishi, apewe nafasi ya kubisha, usikate zaidi ya hasara yenyewe, na kwa mwezi usivuke robo ya mshahara wake. Mara ngapi umefanya hivyo? Ana haki ya saa 24 za mapumziko kila wiki. Siku yake ni ipi? Umri wake je? Chini ya miaka 14 huruhusiwi kumwajiri kwa kazi yoyote, na unajua kabisa kuna nyumba mtaani kwako zenye "dada" wa miaka 12.

Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilimpangia mtumishi wa ndani anayelala kwa mwajiri wa kawaida shilingi 60,000 kwa mwezi. Elfu sitini! Na hata hiyo tunaitafutia njia ya kuipunguza.

Unashangaa kwa nini anakubali kwenda Uarabuni?

Tunalia sana kuhusu Uarabuni. Video zikisambaa za dada zetu wakiomba msaada kutoka Muscat au Riyadh, tunaziangalia, tunaweka alama ya machozi, tunazituma kwa wengine. Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, baada ya kuzungumza na wanawake 50. Pasipoti kushikwa. Kazi kutwa na usiku. Mshahara usiofanana na ulioahidiwa. Vipigo, na mambo ya aibu ambayo mama zao walisimuliwa nusu nusu. Kwa wenzetu Kenya hali imefika kwenye majeneza: Machi 2025 gazeti la New York Times liliandika kwamba katika miaka 5 Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikufa wakiwa kazini Saudia. Watu 274 waliokwenda kufua na kupika.

Kila mara jibu letu ni moja: kule ni mbali, ni nchi za watu, sheria zao ni za kafala, mfanyakazi amefungwa kwa mwajiri wake na hawezi kuhama wala kuondoka bila ridhaa, sasa sisi tufanye nini?

Muscat ni mbali, ndiyo. Wakala yuko mbali? Aliyemchukua binti kwa mama yake kijijini, akamwambia mshahara ni huu wakati anajua ni ule, akampitisha njia za panya ili asiandikishwe popote, anaishi hapa. Simu yake inaita. Anasali msikiti mmoja nasi au kanisa moja nasi. Mara nyingi ni ndugu: binamu, shoga wa mama, jirani aliyerudi na dhahabu shingoni. Kikulacho ki nguoni mwako. Tuna sheria ya mwaka 2008 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, inayomgusa anayemchukua mtu kwa udanganyifu ili akanyonywe. Inahitaji mlalamikaji atakayesindikizwa mpaka polisi na mwanasheria atakayekaa naye mpaka faili lifike mahakamani. Badala yake familia inamfuata wakala kwa unyenyekevu, kwa sababu yeye ndiye "anayejua njia ya kumrudisha". Aliyemuuza ndiye anayeombwa amkomboe!

Huko Uarabuni hatuwezi kutunga sheria, lakini tunaweza kumfanya wakala aogope. Mpaka leo haogopi.

Kwa nini haogopi? Kwa nini kampuni ya ulinzi haiogopi, wala mwenye kiwanda, wala wewe mwenye nyumba? Sheria zipo tangu 2004, zina zaidi ya miaka 20. Hawaogopi kwa sababu wanajua jambo moja: kati ya mfanyakazi maskini na sheria yake hakuna mtu. Sheria haitembei. Lazima mtu aibebe kutoka kwenye kitabu mpaka kwenye meza ya msuluhishi, na mtu huyo hatujamweka.

Nenda kaangalie mashauri yanavyokufa. Mfanyakazi amewahi, siku ya ishirini na tano, amejaza fomu mwenyewe. Ametia alama kwenye sanduku lisilo lake, akaacha sehemu inayohusu kuachishwa kazi. Au ameandika jina la mwajiri kama lilivyo kwenye bango la getini, kumbe kampuni imesajiliwa kwa jina jingine kabisa. Upande wa pili kuna wakili kwa suti. Anasimama dakika tano. Shauri linatupwa, hata kabla mtu hajauliza kama mfanyakazi huyo alifukuzwa kwa haki au kwa dhuluma. Anatoka nje amekumbatia bahasha yake, haelewi kilichotokea. Atawaambia wenzake: nilikwenda mahakamani nikashindwa. Wenzake watajifunza wasiende.

Hiyo ndiyo hasara kubwa kuliko fidia iliyopotea. Mmoja akishindwa kizembe namna hiyo, mia wananyamaza. Msimamizi wa zamu anajua. Kesho yake anaongeza saa bila malipo, na hakuna anayeinua mdomo. Mama mjamzito anaambiwa ajiuzulu "kwa hiari" kabla tumbo halijaonekana, ingawa sheria inampa likizo ya uzazi ya siku 84 na kazi yake inamngoja. Kijana anakatwa kidole na mashine, anapewa hela ya dawa na kuambiwa apone haraka, wakati Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo na unafanya kazi tangu Julai 2015. Hajui. Mwajiri anajua, ila hakumsajili. Na yule mwajiri mmoja mwaminifu, anayelipa muda wa ziada, anayechangia mfuko, anayetoa likizo ya siku 28, anashindana sokoni na mwizi ambaye gharama zake ni ndogo kwa sababu anaiba. Miaka michache mbele mwaminifu ama anafunga au anajifunza kuiba.

Halafu tunauliza kwa nini mtu anafanya kazi miaka 15 na anastaafu na baiskeli.

Wakili wa kulipwa hawezi kuwa jibu, tusidanganyane. Msichana wa elfu sitini akidai mishahara ya miezi 8 anadai shilingi 480,000. Ni wakili gani atakayekwenda Tume mara nne au tano kwa sehemu ya hela hiyo, na yeye ana pango la ofisi? Simlaumu. Ndiyo maana nchi yenye akili haimwachi maskini atafute wakili sokoni.

Na jibu liko kwenye vitabu vyetu wenyewe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, watu wa mitaani na vijijini waliopewa mafunzo. Sheria ya ajira nayo inaruhusu mfanyakazi kuwakilishwa kwenye usuluhishi na wakili, au na mtu wa chama chake, au na mwakilishi binafsi aliyemchagua mwenyewe. Mwakilishi binafsi! Mwalimu mstaafu wa mtaani kwako anaweza kukaa kwenye kile kiti. Tuna taasisi kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, zinazopokea watu hawa kila siku bila kuwatoza. Lakini taasisi hizi zimeishi kwa fedha za wafadhili, na mfadhili akifunga mfuko wake kule, mlango unafungwa huku. Haki ya mlinzi wa Temeke inategemeaje hisia za mlipakodi wa nchi nyingine? Serikali inayokusanya kodi kwenye soda anayokunywa mlinzi huyo haiwezi kumlipa msaidizi wa kisheria mmoja kwa kata?

Na vyama vya wafanyakazi, nawaomba msikilize bila kununa. Ada inakatwa kila mwezi. Fulana za Mei Mosi tunaziona, maandamano tunayaona. Lakini mfanyakazi anapoachishwa jioni, namba ya simu ya kupiga usiku huo ni ipi? Nani anafika asubuhi na fomu? Wenzenu wa chama cha CHODAWU wana kazi isiyo na mfano ya kuwafuata watumishi wa ndani ambao hawana geti moja la kukutania, kila mmoja amefungiwa kwenye nyumba yake. Hiyo ndiyo kazi ngumu, na ndiyo inayostahili fedha za vyama vyote, hata vile vyenye wanachama wenye mishahara ya benki.

Msiniambie haiwezekani. Mwaka 2012, huko Pretoria, mtumishi wa ndani aliyekuwa na tatizo la macho alitumbukia kwenye bwawa la kuogelea la mwajiri wake akafa maji. Alikuwa ameitumikia nyumba hiyo miaka 22. Binti yake alipofuatilia fidia akaambiwa sheria ya fidia ya Afrika Kusini haiwahusu watumishi wa majumbani. Familia iliambulia randi 5,000. Miaka 22, randi 5,000.

Binti yule angeweza kuzika na kunyamaza. Hakunyamaza. Alikwenda kwenye chama cha wafanyakazi wa majumbani, chama hakikumwambia avumilie, kikamkutanisha na wanasheria watetezi, wakaingia mahakamani. Ilichukua miaka. Tarehe 19 Novemba 2020, katika kesi hiyo ya Mahlangu, Mahakama ya Katiba ikatamka kwamba kuwaacha nje watumishi wa ndani ni kuvunja katiba, na tamko hilo likarudi nyuma mpaka 27 Aprili 1994, ili hata walioumia zamani waweze kudai. Watumishi wa ndani wa nchi nzima waliingia kwenye sheria kwa sababu binti mmoja alipata mtu wa kumshika mkono.

Nairobi je? Vijana waliokuwa wakichuja picha za mauaji na ubakaji kwa ajili ya Facebook, baadhi yao wahamiaji kutoka nchi nyingine za Afrika, walimshtaki Meta mwenyewe, mmiliki wa Facebook, pamoja na kampuni iliyowaajiri. Meta ikasema haishtakiwi Kenya, haina makao pale. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ikasema itashtakiwa pale pale. Kampuni tajiri kuliko nchi zetu, imeburutwa mahakamani na vijana hao.

Wale vijana hawakuwa na nguvu kuliko wewe. Walikuwa na wanasheria.

Na mjue ushindi wenyewe hauishii kwenye hukumu. Nimeona mikono ya wazee imeshika tuzo ya Tume, muhuri safi, kiasi kimeandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na hawajaona senti. Mwajiri amekimbilia Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kuomba marejeo. Au amehamisha mashine usiku na kufungua kampuni yenye jina jipya mtaa wa pili. Kukazia tuzo ni kazi ya kisheria kama kesi yenyewe, na hapo ndipo mfanyakazi aliyejitetea peke yake kwa ujasiri anapochoka. Anayesaidia watu kujaza fomu tu, akawaacha hapo, amefanya nusu ya kazi.

Ninachodai kwa wakubwa ni kidogo na kinajulikana. Zile siku 30 haziko kwenye sheria mama. Ziko kwenye kanuni. Kanuni hubadilishwa bila kupeleka muswada bungeni. Wizara yenye dhamana ya kazi inaweza kulianza jambo hilo kesho asubuhi. Impe mfanyakazi muda wa mwaka mmoja angalau, na siku zianze kuhesabiwa pale mwajiri anapomkabidhi mfanyakazi barua yenye maelezo ya haki zake na anwani ya Tume. Asipotoa barua, siku zisianze. Mbunge wako akija kuomba kura, muulize hilo kabla ya kupokea kanga.

Lakini wewe usingoje kanuni zibadilike, maana siku zako zinahesabika sasa hivi.

Kama umeachishwa, andika leo tarehe uliyoambiwa, saa, na nani alikuwepo. Tunza ule ujumbe wa simu, picha ya daftari la zamu, kitambulisho chenye jina la kampuni. Jina kamili la mwajiri lipo kwenye risiti za mashine ya TRA au kwenye karatasi za NSSF. Linakili herufi kwa herufi. Tafuta msaidizi wa kisheria wa kata yako, au afisa wa chama, au mtu anayesoma vizuri unayemwamini, mwende naye Tume. Ofisi mara nyingi iko makao makuu ya mkoa. Fomu inaitwa CMA F1 na hailipiwi. Muulize anayeipokea akuonyeshe sehemu inayohusu kuachishwa kazi. Nakala ampate mwajiri, na upate saini au ushahidi kwamba ameipata.

Mjomba anayejuana na bosi unaweza kumtembelea ukitoka huko.